Kabla ya Kuilaumu Hadubini: Barua kwa Mwanangu Aliyeko Pemba

Mwanangu,

Wa alaykum salaam. Umeniuliza imekuwaje mkapima kichocho skuli moja mara mbili ndani ya wiki, na mara ya pili mayai yakapungua sana, hali hakuna mtoto aliyekunywa dawa. Usiilaumu hadubini. Tazama kwanza saa mliyokusanya mikojo.

Mayai ya kichocho cha mkojo hayatoki sawasawa kutwa nzima. Hutoka kwa wingi baina ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Ukikusanya saa 1, watoto wanapoingia darasani, wagonjwa wengi utawaandika wazima. Tena mtoto amalize haja yake yote kikombeni, maana matone ya mwisho ndiyo yenye mayai mengi. Kikombe kidogo hujaa mapema, na yale ya mwisho yakamwagika chooni. Chukua vya mililita 100.

Nambari iandike ubavuni mwa kikombe, si kwenye kifuniko. Vifuniko hubadilishana, na hapo dawa humfikia asiyeumwa.

Pa kuharibikia hasa ni kwenye kuchuja. Mayai huzama. Kikombe kikishatulia, ukivuta ya juu umeyaacha chini. Tikisa taratibu, vuta mililita 10 papo hapo kwa bomba la sindano, sukuma kwenye kichujio, halafu sukuma hewa kidogo ili mayai yashike kwenye utando wa kichujio. Utoe kwa kibanio, ulaze juu ya kioo upande wa mayai ukiwa juu, tia tone la ayodini, uhesabu utando mzima, ukingo hadi ukingo. Kama mtoto ametoa mililita 8 tu, ziandike hizo 8. Mayai 40 ndani ya mililita 8 ni sawa na 50 ndani ya 10, na kuanzia 50 maambukizo huhesabiwa makali. Ukisahau kuandika ujazo, mtoto huyo utamweka kwenye mepesi. Kichujio cha kuosha kiangalie kwa hadubini kabla hujakirudia, kisije kikakupa mayai ya mtoto wa jana.

Vijiti vya kupimia damu kwenye mkojo, funga chupa yake kila utoapo kimoja. Unyevu wa huko huviharibu upesi. Msichana aliye katika siku zake kijiti kitaonyesha damu isiyo ya kichocho, basi mwalimu wa kike amuulize faraghani, nawe umpangie siku nyingine. Usimuulize mbele ya wenzake, nakusihi.

Sampuli zikae kivulini, kwenye kasha lenye barafu, zisomwe siku ileile. Slaidi moja, yaani kioo chenye utando, katika kila 10 isomwe upya na mtu mwingine asiyeiona hesabu yako. Hapo Wawi mna Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, tangu mwaka 2000. Omba ruhusa ukawatazame wanavyosoma, hata kwa siku moja.

Mtoni kwenye konokono wanaobeba kichocho msiingie bila buti na glavu ndefu, hasa jua likiwa kali, maana ndipo vijidudu vinapotoka kwa wingi ndani ya konokono.

Orodha ya waliokutwa na mayai mfikishie mhudumu wa kituo cha afya siku hiyohiyo, usingoje ripoti yako ya chuo. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, hutolewa miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, mtoto akiwa ameshakula. Mwombe mwalimu mkuu awaarifu wazazi mapema, watoto wasije siku hiyo na njaa.

Mamaako