Mkuu mpya wa idara, wahadhiri wamegawanyika

Hongera kwa uteuzi wa kuongoza idara ya sayansi ya siasa, Mwalimu. Unasema watu wa takwimu na watu wa nadharia ya siasa hawaelewani, nawe unataka kuitisha kikao cha idara. Subiri kwanza. Kikaoni kila mmoja atahutubia, ndiyo fani yao! Zungumza nao mmoja mmoja, kisha tandaza jedwali la mzigo wa kazi: vipindi, tasnifu wanazosimamia, kamati. Likionekana na wote, utakuta ugomvi mwingi si wa kinadharia hata kidogo. Ni wa nani anabebeshwa darasa kubwa la mwaka wa kwanza kila muhula. Kwenye ajira mpya kuwa mkali: vigezo vikubaliwe na kuandikwa kabla maombi hayajafunguliwa. Wahadhiri chipukizi wapunguzie kamati, wapate kuandika.