Kwa unayeanza kuiga seli za haidrojeni: hesabu maji kwanza

Ukiingia kwenye kazi hii ya kuiga kwa kompyuta seli za haidrojeni, yaani vifaa vinavyotoa umeme kwa kuunganisha haidrojeni na oksijeni kuwa maji, kitu cha kwanza kukuteka ni rangi za picha. Oksijeni nyekundu mwanzoni mwa mfereji wa gesi, buluu mwishoni, matone ya maji yakitambaa ukutani. Nami ziliniteka. Nakuomba uziweke kando kwanza, ushike kalamu uhesabu maji.

Hesabu ni fupi. Kila molekuli ya maji inayozaliwa kwenye kathodi, upande wa oksijeni, imetumia elektroni 2, kwa hiyo chukua mkondo wote wa umeme, ugawe kwa mara 2 ya namba ya Faraday (chaji ya moli moja ya elektroni, yaani kulombu 96,485), utapata moli kwa sekunde. Seli ya sentimita za mraba 100 inayotoa ampea 1 kwa kila sentimita ya mraba inatengeneza takriban gramu 33.6 za maji kwa saa. Ongeza mvuke ulioingia pamoja na gesi. Seli ikishatulia, kiasi hicho chote lazima kitoke, kwenye kathodi au kwenye anodi, upande wa haidrojeni. Kisipotoka, simamisha kazi utafute kosa.

Mimi sikufanya hivyo. Mkunjo wangu wa volti, yaani mchoro wa volti dhidi ya mkondo, ulilala sawasawa juu ya vipimo vya maabara, nikaona nimemaliza. Mwenzangu mmoja akaniuliza swali moja tu: maji yanatoka gramu ngapi? Tulipojumlisha, modeli ilikuwa inatengeneza nusu kamili ya kiasi kinachotakiwa. Mahali panapotaka 2 nilikuwa nimeandika 4, idadi ya elektroni zinazopokewa na molekuli moja ya oksijeni. Mkunjo ulikubali kwa sababu nilikuwa nimepunguza upenyevu wa tabaka la vinyweleo ambamo gesi na maji hupita, kidogo kidogo, hadi yale maji machache yakakwama humo na kuizuia oksijeni kama maji mengi yangeizuia. Kosa moja lilifunika jingine.

Tangu siku hiyo siuamini mkunjo wa volti peke yake. Vigezo ni vingi, na michanganyiko mingi tofauti huzaa mkunjo uleule. Tafuta kipimo cha pili: maji yaliyokusanywa kwenye kila tundu la kutokea, ukinzani wa utando unaotenganisha anodi na kathodi, au picha za nyutroni zinazoonyesha maji yalipokaa ndani ya seli.

Jambo la pili ni muda, na hapa wengi hukwama. Kwa ampea 1 kwa sentimita ya mraba, maji yanayozaliwa yakitandazwa juu ya eneo lote yanaongezeka kina kwa karibu mikromita 1 kwa sekunde. Sasa angalia upande wa kompyuta: ukifuatilia uso wa tone kwa vijumba vya gridi vya mikromita 10, mvutano wa uso wa maji unakulazimisha kupiga hatua za muda za karibu sehemu 1 ya milioni ya sekunde. Ukipunguza vijumba kwa nusu, hatua hiyo inapungua karibu mara 3. Ndiyo maana watu huyasukuma maji kwa kasi kubwa kuliko ya kweli. Hakuna ubaya, mradi useme umeongeza mara ngapi, kisha urudie kwa nusu ya kasi hiyo uone kama tone linang'oka likiwa na ukubwa uleule. Likibadilika, ulichokiona ni matokeo ya haraka yako.

Usiitazame kathodi pekee. Protoni zikivuka utando huburuta maji kutoka anodi, na sehemu ya maji hayo hurudi yenyewe kwa kusambaa. Gesi ikiingia kavu, seli ileile inaweza kukauka mlangoni huku inafurika mwishoni. Ukichukua wastani wa unyevu wa utando mzima utaona namba nzuri, kumbe hakuna hata kipande kimoja kilicho katika hali hiyo. Chora unyevu kufuata urefu wa mfereji, kila mara.

Mifereji ya kupindapinda itakuja baadaye. Mpaka leo, kila modeli mpya naianza na mfereji mmoja ulionyooka, maji yakiwa mvuke tu, na ile hesabu ya gramu nimeiandika kwenye karatasi kando ya kibodi.