Mkeo Amesema "Popote"? Tuanzie Hapo

*Shangazi, shikamoo. Nimepata kazi katika mji mwingine, mbali na tunapoishi, na natakiwa kuripoti baada ya wiki sita. Tuna mtoto mmoja wa kike, ana miezi mitano. Mke wangu amesimamisha kazi mpaka mtoto atimize mwaka. Kule hatuna ndugu wala rafiki. Nilikwenda mara moja, dalali akanionyesha nyumba mbili ambazo kodi zake zinakaribiana. Moja iko mtaa mpya pembezoni mwa mji: ina ua, sebule kubwa, kimya kabisa, ila ni kilomita 24 kutoka kazini, dakika 70 kwa basi. Nyingine iko mtaa wa zamani: vyumba viwili ghorofa ya pili, hakuna ua, nyumba zimebanana na kelele zipo, lakini kazini natembea dakika 20 na kliniki iko karibu. Moyo wangu uko kwenye ile ya ua, mtoto apate hewa na nafasi. Nikimuuliza mke wangu ananijibu "popote tu". Dalali ananiharakisha. Nifanyeje? — Baba Mpya*

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kazi na kwa mtoto.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta jambo moja, sikuliona: mkeo atakuwa anafanya nini siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Wewe saa hiyo uko kazini, umezungukwa na watu, unajifunza majina yao. Yeye yuko na mtoto aliyenyonya, akabadilishwa nepi, akalala dakika 40, akaamka. Jua limeshapanda na mchana bado mrefu. Akifungua mlango, anakwenda wapi? Anamsalimia nani? Hilo ndilo swali la kuchagulia mtaa, kwa sababu atakayeishi mtaani ni yeye na mtoto. Wewe utakuwa unalala pale tu.

Nayasema haya kwa kuwa nimeyalipia. Nilihama na mwanangu wa kwanza akiwa na miezi minne. Tulichukua nyumba ghorofa ya tano kwa sababu ya mandhari, na lifti ilikuwepo. Wiki ya pili lifti ikafa. Ngazi zilikuwa 84, nilizihesabu kila siku. Kigari cha mtoto kikabaki chini kinaota vumbi, na kwenda kununua nepi kukawa safari ya kupangwa tangu jana yake. Mwisho nikawa sishuki. Baba yake alitoka alfajiri, akarudi mtoto amelala. Akiniuliza siku ilikuwaje namjibu "nzuri", maana sikuwa na la kusimulia. Ule ufa wa kwenye dari la chumba chetu naweza kukuchorea hata leo. Miezi saba baadaye tukahamia mtaa wenye makelele, nyumba ndogo kuliko ile, na siku ya tatu mama wa mlango wa pili, mwenye mapacha, akanisimamisha akaniuliza, "Na huyo wako halali?" Nusura nilie pale pale.

Kwa hiyo hiyo "popote tu" ya mkeo usiichukue kama jibu. Mtu anayeamka mara tatu usiku hana nguvu ya kulinganisha nyumba mbili alizoonyeshwa kwa simu. Usimuulize anataka mtaa gani. Muulize mchana wake wa leo, hapo mlipo, unashikiliwa na nini. Pengine ni dada yake anayepita saa tano. Pengine ni kutembea na mtoto mpaka kona na kurudi. Akishakutajia vitu viwili vitatu, hivyo ndivyo vya kwenda kuvitafuta katika mji mpya. Na ujue kwamba unyogovu wa baada ya kujifungua hauishi na arobaini. Unaweza kumfika mama wakati wowote katika mwaka wa kwanza, na kukosa watu wa karibu ni moja ya mambo yanayouchochea. Unamhamisha kutoka kwa watu wake wote kwa siku moja. Halafu unataka kumweka pembezoni?

Sasa tufanye hesabu ya basi, maana naona wewe ni mtu wa namba. Dakika 70 kwenda na 70 kurudi ni saa 2 na dakika 20 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi, ni zaidi ya saa 51 kwa mwezi. Watoto wengi wa umri huo huwa wamelala saa moja au saa mbili usiku. Ukitoka kazini saa kumi na moja jioni, basi likichelewa nusu saa au zaidi, utamkuta mwanao anasinzia au ameshalala. Ukikaa mtaa wa zamani, saa kumi na moja na nusu uko mlangoni, unampokea mtoto mikononi mwa mama yake katika ile saa ya jioni ambayo watoto hulia bila sababu. Hakuna ua unaoweza kufidia saa hiyo.

Tena tuuzungumzie huo ua. Mtoto wa miezi mitano hana kazi nao. Wengi hutambaa kati ya miezi saba na kumi, hutembea wakikaribia mwaka au baada yake. Ua utakuwa na maana mkataba wako wa kwanza utakapokuwa unaisha, na wakati huo mtakuwa mnaujua mji kwa miguu yenu wenyewe, si kwa maneno ya dalali. Chukua mkataba mfupi kadiri mwenye nyumba atakavyokubali. Mtaa wa kwanza katika mji mgeni karibu kila mtu hukosea. Ubaya ni kukosea kwa miaka mitatu.

Sijasema mtaa wa zamani uuchukue ukiwa umefumba macho. Hoja yako ya hewa ni ya kweli. Mtoto wako hupumua mara 30 na zaidi kwa dakika, wewe ukiwa umetulia ni mara 12 hadi 20, kwa hiyo moshi wa barabarani yeye anaumeza kwa kasi kuliko wewe. Ila tazama vizuri: moshi huo ni mzito kandokando ya barabara kubwa na hupungua kadiri unavyoingia ndani. Mtaa ule ule, nyumba iliyo kichochoro cha pili au cha tatu ni habari nyingine kabisa. Uliza chumba cha kulala kinatazama wapi. Kelele nazo ni hivyo hivyo. Shirika la Afya Duniani kwa Ulaya lilipendekeza mwaka 2009 kelele za usiku nje ya nyumba zisizidi desibeli 40, na mitaa mingi ya mijini haiukaribii utulivu huo. Lakini mtoto huzoea mvumo wa kudumu. Kinachomwamsha ni honi na breki za ghafla. Kaa chumbani hapo nusu saa, madirisha wazi, simu mfukoni, usikilize.

Nyumba ya zamani ina mambo yake mengine. Rangi inayobanduka ukutani au kwenye fremu za madirisha isikupite, kwa sababu rangi za zamani nyingi zilitiwa risasi, ile metali, na hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Miezi miwili mitatu ijayo huyu binti ataokota kila kibanzi sakafuni na kukitia mdomoni. Sogeza kabati utazame kama kuna ukungu nyuma yake. Kwa kuwa ni ghorofa ya pili, pima nafasi kati ya vyuma vya baraza: ikizidi sentimita 10, mwenye nyumba aweke wavu kabla hujalipa. Ukishalipa ataanza kukwambia fundi amesafiri.

Rudi kule mara moja tena, na safari hii usiende na dalali. Nenda asubuhi, urudi saa nne usiku, na kama mvua imenyesha ndio bahati yako, utaona maji yanakwenda wapi. Tia mkobani vitu vya kilo saba, ambao ndio uzito wa mtoto kama wako, ujifunge mbele, kisha utembee kutoka mlango wa nyumba mpaka kliniki. Hesabu mara ngapi umesimama kungoja magari yapite. Magari yanapunguza mwendo au yanakupigia honi? Sehemu ya kutembea kwa miguu ipo, au kigari kitaburuzwa mtaroni? Mimi naamini kliniki, duka la dawa na mahali pa kununua vitu vya kila siku viwe ndani ya mwendo wa dakika kumi na mtoto kifuani. Ikizidi hapo mama huanza kuahirisha.

Halafu inua macho utazame kamba za nguo. Nepi na vinguo vidogo vikiwa vimeanikwa nyumba tatu nne, hapo pana mama wenzake. Hicho ni kipimo changu tangu ile nyumba ya ngazi 84, na hakijanidanganya bado. Pita na kliniki uketi kwenye benchi. Sema tu kwamba mnahamia. Wenye watoto foleni watakwambia ndani ya robo saa maji hukatika siku gani, nani analea watoto vizuri na nyumba ya nani huvuja. Dalali hawezi kukwambia hayo, na mengine anayajua.

Basi kama hujanielewa: mimi ningechukua vyumba viwili vya ghorofa ya pili, kama chumba cha kulala hakitazami barabara kubwa na rangi imerekebishwa. Ila kabla ya kulipa, mpeleke mkeo akauone mtaa, hata kwa siku moja, hata mkikopa nauli. Akisema anautaka ule wa pembezoni baada ya kuuona kwa macho yake, mpangie huo, na ujitayarishe kuamka mapema.

*Shangazi, nami nahama, mtoto wangu ana wiki tisa. Chanjo ya wiki sita alipata. Ya wiki kumi itaangukia siku tuko njiani. Nimeambiwa ikipita tarehe itabidi aanze upya. Ni kweli? — Mama J.*

Si kweli, Mama J. Dozi ikichelewa, mtoto huendelea pale alipoishia, harudii alizokwisha pata. Chanjo hizo za mwanzo zinahitaji kuachana angalau wiki nne, kwa hiyo siku chache za kuchelewa haziharibu kitu, lakini usizigeuze kuwa miezi, maana katikati hapo mtoto hana kinga kamili. Mweleze muuguzi wako kabla hujaondoka. Pengine atakupangia siku inayokufaa. Mkifika, kliniki iwe jambo la wiki ya kwanza, hata kama mizigo bado imefungwa. Kadi ipige picha kurasa zote, umtumie baba yake na mtu mwingine mmoja. Yenyewe usiipakie kwenye gari la mizigo. Itembee na wewe, kwenye mkoba wa nepi.