Fumo Liyongo na mashujaa wa katuni: maswali na majibu

Wanafunzi wangu wa sekondari hupitishiana vitabu vya Superman chini ya dawati, lakini nikiwasomea Utenzi wa Fumo Liyongo wanasinzia. Je, naweza kuvifundisha pamoja? (Mwalimu wa Kiswahili, Malindi)

Unaweza, mwalimu mwenzangu, nami ningekushauri uanzie kwenye udhaifu wa shujaa. Jerry Siegel na Joe Shuster walipomtoa Superman huko Marekani mwaka 1938, hakuwa akipaa angani bali alichupa tu. Kriptonaiti, lile jiwe linalomlegeza, lilitiwa baadaye, kwanza katika mchezo wa redio mwaka 1943, kisha katika katuni mwaka 1949, kwa kuwa shujaa asiyeweza kudhurika hamtii msomaji wasiwasi. Liyongo, kinyume chake, hasimuliki bila udhaifu wake: hauawi kwa chuma wala mshale, ila kwa sindano ya shaba akichomwa kitovuni, na siri hiyo anaitoa mwenyewe kwa mwanawe, ambaye mfalme wa Pate amekwisha kumwahidi uwaziri na binti wa kuoa. Liulize darasa swali moja tu: ni nani anayeijua siri ya shujaa, na ameijuaje? Adui wa Superman hulitafuta jiwe mbali. Aliyemuua Liyongo alilelewa naye. Nimeliona swali hilo likizua mabishano ambayo kengele ya mapumziko haikuyakata.

Sitaki mwanangu azoee picha akawa mvivu wa kusoma. Huo si mchezo? (Mzazi, Langoni, Lamu)

Hofu yako ni ya haki, mama, na ndiyo sababu mimi husomesha utenzi kwanza, picha baadaye. Lakini picha nayo ina kazi yake. Niliwaagiza wanafunzi wangu wachore mwisho wa Liyongo, pale anapopiga goti karibu na kisima, mshale ukiwa upindeni, akafa vivyo hivyo, na watu wa mji wasithubutu kwenda kuteka maji kwa kudhani yu hai. Msichana mmoja alichora visanduku vitatu vinavyofanana, goti lile lile, upinde ule ule, mitungi mitupu kwa mbali, bila neno hata moja. Kilichobadilika ni kivuli cha Liyongo tu, ambacho kilizidi kurefuka. Alipoulizwa, alijibu kwamba muda unapita na watu wana kiu. Hakuipata fikra hiyo kwa uvivu: alizirudia beti za kisimani mara kadhaa. Isitoshe, Muhammad Kijumwa, aliyeuandika utenzi huo hapa Lamu mwaka 1913, alikuwa pia mchonga mbao na bingwa wa hati nzuri, kwa hiyo mkono wa msanii na ulimi wa mshairi vimekaa pamoja katika mji huu tangu zamani.

Shule yetu haina vitabu hivyo vya katuni. Tufanyeje? (Mwalimu, Kipini)

Karatasi moja ikikunjwa mara tatu hutoa vyumba vinane, navyo vinatosha. Gawa beti kwa makundi, kila kundi lichore sehemu yake, kisha mzibandike ukutani kwa mfuatano. Nanyi mna bahati ambayo wengine hatuna, maana kaburi la Liyongo husimuliwa kuwa liko huko huko kwenu, Ozi.

Kiamu cha utenzi, yaani lahaja ya Lamu, kinanishinda. Siwezi kusoma masimulizi ya kawaida yakatosha? (Mwanafunzi, Malindi)

Masimulizi yatakupa kisa, mwanangu, lakini utakosa mwendo wake. Kila ubeti una mishororo minne ya mizani minane. Mitatu ya kwanza ina kina kimoja, na kina cha mshororo wa nne hurudi katika kila ubeti hadi tamati, nalo sikio hukingojea. Anza na maneno machache, kwamba nti ni nchi, ndia ni njia, mato ni macho, kisha soma kwa sauti beti kumi kila jioni, ikiwezekana mbele ya mzee aliyezaliwa Lamu, naye akusahihishe.