Gari-nyumba letu ni la 2004: tutapokelewa wapi?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi na mke wangu ni Watanzania tunaoishi Columbus, Ohio, na sote tumestaafu, mimi nina miaka 66. Tumenunua gari-nyumba lenye vitanda, jiko na choo, lililotengenezwa mwaka 2004, lenye urefu wa futi 29, na aliyetuuzia alilitunza vizuri. Tunakusudia kwenda hifadhi za taifa za Yellowstone na Glacier, huko magharibi, wakati wa kiangazi. Tumepiga simu kwenye kambi mbili za watu binafsi zilizo njiani, na zote zilitukataa mara tu tulipotaja mwaka wa gari, zikisema hazipokei gari lililozidi miaka kumi. Je, hiyo ni sheria ya nchi? Na magari kama letu hupokelewa wapi? — Msomaji, Columbus

JIBU: Shikamoo mzee wetu, na salamu zimfikie mama. Hiyo si sheria ya nchi. Ni kanuni ambayo baadhi ya wamiliki wa kambi binafsi nchini Marekani hujiwekea, na kwa kuwa kiwanja ni mali yao, wana uhuru mpana wa kuamua gari lipi liingie. Hofu yao ina msingi: gari likivuja maji machafu, au likiharibika na mwenyewe akalitelekeza, mwenye kambi ndiye anayebaki na gharama ya kuliondoa. Hata hivyo, mwaka wa kutengenezwa ni kipimo kibaya cha usalama, kwa maana gari la 2004 ambalo paa lake limezibwa kila lilipoonyesha ufa, na mabomba yake ya gesi yakakaguliwa, ni salama kuliko la juzi lililoachwa kuoza uani. Wamiliki wengi wanalijua hilo, na ndiyo sababu hulegeza kanuni wakionyeshwa picha, hasa kwa mgeni wa usiku mmoja au miwili; ukali wao huwaelekea zaidi wanaotaka kukaa miezi.

Ushauri wangu ni kwamba mpange safari yenu juu ya viwanja vya umma, na kambi binafsi mziache kwa usiku ule tu ambao hamtakuwa na pengine pa kulala. Viwanja vya hifadhi za taifa, vya misitu ya taifa na vya hifadhi za majimbo kwa kawaida haviulizi umri wa gari. Kwa njia yenu ndefu ya kwenda magharibi ningewapendekezea hasa viwanja vya Army Corps of Engineers, wahandisi wa jeshi wanaosimamia mabwawa na maziwa mengi, kwa sababu vingi vipo kando ya maji na vina umeme. Mkifika magharibi, ardhi ya Bureau of Land Management, idara ya serikali kuu inayosimamia ardhi ya umma, huruhusu kulala bila malipo katika maeneo mengi, kwa kawaida hadi siku 14, ila hakuna maji wala umeme, hivyo matangi yawe yamejazwa.

Viwanja vya umma huuliza urefu, na hapo ndipo futi zenu 29 zina uzito kuliko mwaka 2004. Kambi nyingi za hifadhi zilijengwa miaka ya 1930 na vijana wa Civilian Conservation Corps, mpango wa serikali wa kuwapa kazi vijana wasio na ajira, wakati ambapo matrela yalikuwa madogo, na kona zake bado ni nyembamba. Pimeni gari kutoka bampa ya mbele hadi kitu cha mwisho kinachochomoza nyuma, ikiwemo ngazi au kibebeo cha baiskeli. Ndani ya Yellowstone, Fishing Bridge ndicho kiwanja pekee chenye maji, umeme na bomba la majitaka kwa kila gari, na kinapokea magari marefu. Glacier ni tofauti: sehemu ya juu ya barabara ya Going-to-the-Sun hairuhusu gari lililozidi futi 21. Liacheni gari kambini mpande yale mabasi mekundu ya watalii, ambayo yalitengenezwa miaka ya 1930, yakakarabatiwa, na hadi leo yanawapandisha wageni mlimani. Hakuna anayeyakataa kwa umri wake.

Kwa kuwa umepita miaka 62, nawasihi mchukue pasi ya wazee ya hifadhi za taifa, ambayo hutolewa kwa raia na kwa mwenye ukaazi wa kudumu pia. Ya maisha ni dola 80, na katika viwanja vingi vya serikali kuu hupunguza ada ya kulala kwa nusu. Ndugu zetu wengi wenye ukaazi wa kudumu hawajui kwamba inawahusu, na inanisikitisha kuona wakilipa ada kamili.

Pale mtakapolazimika kuomba nafasi kambi binafsi, zungumzeni na meneja mwenyewe, mtaje mwaka bila kuficha, kisha mtume picha za pande zote nne, za paa na za tairi, zilizopigwa baada ya kuosha gari. Semeni mtakaa usiku ngapi na kwamba mna bima. Ulizeni pia kama wana plagi ya ampea 30, ambayo magari mengi ya ukubwa na umri huo hutumia.

Nafasi nyingi za viwanja vya serikali kuu hukatwa kupitia tovuti ya Recreation.gov, na nyingi hufunguliwa miezi sita kabla. Za Fishing Bridge hukatwa kwa kampuni inayoendesha huduma za Yellowstone. Kwa safari ya Julai, anzeni kutafuta mwezi Januari au mapema zaidi.