Siku 28 zilizoninyima viza

Barua ya kunikatalia viza ilikuwa ndefu, lakini sababu yenyewe ilikaa kwenye mistari miwili: tarehe moja, na salio lililokuwemo kwenye akaunti ya baba tarehe hiyo. Hawakugusa alama zangu, Kiingereza changu wala chuo nilichochagua. Akaunti ilipungua kwa siku mbili, basi.

Nilikuwa naomba viza ya mwanafunzi ya Uingereza. Kanuni yao ni kwamba ada ya mwaka wa kwanza ambayo hujailipa, pamoja na hela ya kujikimu ya hadi miezi 9, ikae benki siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango. Siku ya mwisho ya hizo 28 nayo isiwe imepitwa na zaidi ya siku 31 unapotuma maombi. Wakala aliyenisaidia aliniambia wanachoangalia ni salio la mwisho. Nikamwamini, maana ndivyo nilivyotaka iwe. Siku ya 19 baba akapatwa na dharura, akatoa hela, na siku ya 21 akazirudisha zote. Taarifa ya benki ilipotoka, mstari wa mwisho ulikuwa unapendeza kabisa. Hakuna aliyepandisha macho hadi mistari ya katikati, mimi nikiwa wa kwanza.

Neno lililoniangusha ni hilo "mfululizo". Tangu hapo kanuni za viza nazisoma kama mkataba wa nyumba: kila neno dogo nalisimamisha na kuliuliza limefuata nini hapo.

Kukataliwa kuna hesabu yake pia. Ada ya maombi haikurudi. Tozo ya huduma ya afya ilirudi, kwa sababu ukinyimwa viza hurudishwa. Kilichoniuma zaidi ni namba ya CAS, ule uthibitisho ambao chuo hukutolea kwamba kimekupokea. CAS hutumika mara moja tu. Ukishaiombea viza ukakataliwa, imekwisha. Inabidi ukaombe chuo kikutolee nyingine, na chuo hakilazimiki kukubali. Mimi walinisogeza hadi muhula wa Januari. Kuna haki ya kuomba uamuzi upitiwe upya ndani ya siku 28 ukiwa nje ya Uingereza, na wapo walionihimiza niitumie. Sikuitumia. Njia hiyo ni ya pale ofisa anapokosea, na huyu wa kwangu alikuwa amesoma sawasawa. Aliyekosea nilikuwa mimi.

Mjomba aliposikia akasema tupeleke taarifa ya akaunti yake, kwamba zake zimekaa miezi na hazijaguswa. Moyo mzuri sana, ila kanuni hazimtambui mjomba. Fedha ziwe zako, au za mzazi wako au mlezi wako wa kisheria, au za mwenzi wako. Za mzazi nazo unaziambatanisha na cheti cha kuzaliwa na barua yake ya kukuruhusu uzitumie. Kwa hiyo mjomba akaziingiza kwenye akaunti yangu mimi, na tukaanza kuhesabu upya kuanzia siku ya kwanza. Kadi ya benki nikampa mama akae nayo. Nilijijua.

Katika kusubiri huko kila mtu aliyewahi kusafiri alikuwa na ushauri, na hapo ndipo wengi wetu tunapopotea. Rafiki aliyeko Ujerumani alinihakikishia dawa ni akaunti maalumu inayozuiwa, ambayo unaijaza kabla ya kuondoka kisha unachota kiasi cha kila mwezi tu. Ni kweli kabisa, kwa Ujerumani. Aliyesoma Marekani alisisitiza usaili wa ubalozini, kwamba ofisa sharti aridhike kuwa huna nia ya kuhamia huko moja kwa moja. Kweli pia, kwa Marekani. Kila mmoja alikuwa anasimulia mlango aliopitia yeye. Wasikilize, kisha nenda kwenye tovuti ya serikali ya nchi unayokwenda, uangalie na tarehe ukurasa ulipohuishwa. Canada na Australia zote mbili zimebadilisha saa wanazoruhusu mwanafunzi kufanya kazi ndani ya miaka michache tu hii. Aliyesoma huko mwaka 2019 anaweza kukupotosha bila kudanganya.

Jambo jingine ni kwamba viza kubandikwa kwenye pasipoti si mwisho wa masharti. Huyo huyo wa Marekani alinieleza kuwa tarehe iliyo kwenye viza yake ilikuwa ya mwisho ya kuingilia nchini. Ilipita akiwa darasani na hakuwa na kosa lolote, maana ruhusa ya kukaa ilitegemea fomu yake ya I-20, ile ambayo chuo humtolea mwanafunzi wa kigeni, na kusoma idadi kamili ya masomo ya muhula. Aliyepata matatizo ni mwenzake, ambaye viza yake bado ilikuwa hai. Alilemewa na somo moja, akaliacha kimyakimya bila kumwona ofisa wa wanafunzi wa kigeni wa chuo chake, akashuka chini ya kiwango cha masomo ya muhula. Angetangulia kubisha hodi, pengine angeruhusiwa.

Mimi nilifika Januari. Sharti langu la kazi lilikuwa saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na wiki huhesabiwa Jumatatu hadi Jumapili. Hakuna kufidia: huwezi kufanya 26 wiki hii kwa kuwa iliyopita ulifanya 14. Kazi ya kujitolea isiyo na malipo inaweza kuingia kwenye hesabu, na kujiajiri hakuruhusiwi kabisa, hata kama ni kuuza vitu mtandaoni usiku ukiwa chumbani.

Jumamosi moja msimamizi alinipigia nikaokoe zamu ya urefu wa saa 6, mtu ameugua. Nilikuwa nimeshafanya 16. Nikamwambia naweza 4, akasema basi njoo hizo 4. Nikaandika kwenye daftari, nikavaa koti.