Mbona Formula 1 hawatii mafuta katikati ya mbio?

Yakhe, umeuliza mbona gari likiingia kubadilishiwa magurudumu halitiwi mafuta. Ni marufuku tangu 2010. Gharama ndiyo iliyotajwa zaidi, lakini hatari ilijulikana kitambo: kwenye mbio za Hockenheim, Ujerumani, 1994, petroli ililimwagikia gari la dereva Jos Verstappen likalipuka moto, mafundi wamelizunguka. Yeye na baadhi yao waliungua, ila wote walinusurika.

Siku hizi ni magurudumu tu, sekunde mbili na ushei. Na pale kwenye njia ya mafundi, gari linapoingia kuhudumiwa, mwendo una kikomo, kwa kawaida kilomita 80 kwa saa. Monaco, kwa wembamba wake, ni 60. Matatu zetu za Kongowea zingemaliza mbio zikilipa faini tu, wallahi.